Sura ya Sita: Hakuna Sufuria Iliyopigwa

“Mie siwezi kutia saini yangu pale,” Kaswera, OPJ, yaani ofisa mpelelezi wa polisi, alisema kwa mara ya tatu, na safari hii aliirudisha karatasi ya kumhamisha mahabusu upande wa pili wa meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha.

“Kaswera, sikuombi ndoa,” Kamanda Kahongya alisema. “Nakuomba saini. Lori ya Beni iko inje, moteur inawaka. Amisi apande, auditeur wa mashitaka kule ajue ya kumufanyia, na sie tulale.”

“Utalala wewe. Mie nitakuwa nimetuma mutu kwenda kufa.”

“Na akibaki hapa atapona? Sikia inje.”

Hakukuwa na haja ya kusikia. Tangu asubuhi watu walikuwa wamejaa mbele ya kituo, wengine na mawe, wawili na tairi kuukuu na kidumu cha petroli. Jana, Jumapili jioni, kwenye uwanja wa michezo wa Vulamba, lile gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani ambalo Butembo nzima iliita Roue lilikwama. Ilikuwa duru ya mwisho na mvua ilitishia, kwa hiyo waliobaki juu walikuwa watatu tu: mwalimu mmoja katika kiti chake, na katika kiti cha juu kabisa mama mmoja na binti yake, Jemima, mtoto wa miaka saba. Walipoteremshwa usiku, Jemima alikuwa maiti. Daktari alisema mtoto alikuwa na asime, yaani pumu, na alikosa hewa. Watu walisema mengine. Walisema Amisi, fundi wa mashine, Mwislamu aliyetoka Beni, aliikwamisha makusudi ili wachinjaji, wale waasi wa msituni wanaovamia watu wa Beni kwa mapanga, waje kuwachuma watu pale juu kama maparachichi. Hakuna aliyeuliza mbona wachinjaji hawakuja.

“Mwenye Roue mwenyewe ametoa maelezo,” Kahongya aliendelea. “Abdias. Mukubwa wa chorale ya kanisa, mutu anajulikana. Anasema Amisi alikata kuruwa, ule mukanda unazungusha mashine, akakimbia nayo.”

“Na Abdias alikuwa wapi?”

“Ku église. Répétition ya nyimbo.”

“Basi alionaje kuruwa inakatwa?”

Kahongya alichungulia dirishani. “Dereva ya lori iko nakunywa chai. Akimaliza kikombe cha pili, anaenda.”

“Mwambie anywe na cha tatu.”

* * *

Kwenye kasho, chumba cha mahabusu, Amisi alikuwa ameegemea ukuta, jicho la kushoto limevimba na kufunga. Kaswera alichuchumaa mbele ya vyuma, akaweka chini mkanda wa mpira, mpana kama kiganja, ungali na karatasi yake ya dukani.

“Hii ilikuwa mu sac yako walipokukamata.”

“Ni yangu, Mama OPJ. Ya zamani ilikatika. Bwana Abdias akavuta breke ili Roue isirudi nyuma, ikashika pale. Akaniambia, kimbia utafute ingine. Njo maana nilikimbia. Batu bakaniona niko nakimbia, na jina langu ni Amisi. Ikaisha.”

“Jana ilikuwa siku ya yenga, maduka imefungwa. Nani alikuuzia?”

“Lukman wa vipuri. Yeye ni mu-islamu, siku ya yenga anafungua.”

“Ulipoirudisha ikakuwa je?”

“Mulango ya uwanja ilikuwa imefungwa na kadenasi kwa ndani. Nikagonga. Bwana Abdias akasema mu tundu ya libati: batu bote bamesha shuka, enda ulale, tutaifunga kesho.”

“Bwana Abdias alikuwa angali ndani? Hakuwa ku église?”

“Sauti yake naijua. Mwaka muzima inanitukana.”

Kaswera hakucheka. “Pale mulangoni, uliwasikia batu banalia kule juu?”

Amisi alifikiri. Ilionekana swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza kati ya makofi. “Hapana. Hapo njo niliamini. Mama, Roue ikikwama kidogo tu, bamama banaita Yesu, batoto banalia, vijana banatukana mama yangu muzazi. Jana, kimya. Nikasema kweli, bameshuka.”

“Na kuruwa ya zamani?”

“Niliiacha chini ya mashine. Nani anaiba kuruwa ya kukatika?”

Kaswera alisimama, magoti yakalia. Alikuwa amekwenda Vulamba alfajiri kuangalia maiti, si kuangalia mashine. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza katika kesi hii, na alikwenda kulirekebisha kwa pikipiki ya kwanza iliyopita.

* * *

Mchana, Roue ilikuwa kitu cha kusikitisha. Haikuzidi nyumba ya ghorofa mbili. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka, na viti vyake vilifungwa kwa minyororo ya mbwa. Kaswera alipiga magoti kwenye tope jekundu, akapitisha mkono chini ya mashine, akavuta mkanda mrefu mweusi. Haukukatwa kwa kisu. Nyuzi zake zilikuwa zimechambuka na kufumka kama mwisho wa kamba ya mbuzi. Mtu aliyesema Amisi alikimbia nao hakuinama kuangalia, au aliomba wengine wasiiname.

Alitazama mlango wa mabati. Kadenasi, ile kufuli, ilining'inia upande wa ndani, imefunguliwa.

Nje ya uzio, hatua chache tu, mama mmoja alikuwa akikaanga mandazi.

“Wavukire, Mama,” Kaswera alimsalimu.

“Wavukire. Kama umekuja kununua, iko moto. Kama umekuja kuuliza, iko moto vilevile. Nunua.”

Alinunua. Mama huyo aliitwa Mama Shalom, na baada ya andazi la kwanza ulimi wake ulikuwa tayari.

“Jana nilikuwa hapa hapa mupaka giza. Mashine ilinyamaza, nikasema bamefunga, bameenda. Sikusikia mutu anaomba musaada.”

“Na sufuria?”

“Sufuria gani?”

“Za alerte.”

Kila mtu wa Butembo na Beni anajua sufuria hizo. Adui akionekana mtaani, wa kwanza kumwona anapiga sufuria kwa mwiko, jirani anadaka, jirani wa jirani anadaka, na mara avenue nzima inalia mpaka wanaume watoke. Hakuna anayeuliza kwanza.

“Jana hakuna sufuria ililia,” Mama Shalom alisema. “Ingelia, ungenikuta hapa? Ungenikuta mbali kule Kalunguta, na karai ya mafuta ingali ku kichwa.”

“Nani aliwashusha?”

“Sie. Yule mama alipolia, tukaamka bote, mulango tukaikuta wazi. Ngazi ni hii.” Aliielekeza kwa uma: miti miwili ya eucalyptus na vipande vya mbao, imeegemezwa ukutani kwake, ile anayopandia kuziba paa. “Kijana akapanda, akamupokea mutoto, kisha mama, kisha mwalimu. Hata chai haingepoa. Kama bangeita tu…”

Aligeuza mandazi yaliyokuwa hayahitaji kugeuzwa.

* * *

Mwalimu Élysée hakwenda shuleni siku hiyo. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, shati la jana mwilini.

“Mwalimu,” Kaswera alisema bila kukaa, “ukinyamazisha darasa, sauti yako inafika mupaka ku barabara. Jana ilienda wapi?”

“Tuliambiwa tunyamaze.”

“Na nani?”

“Sauti ilitoka kule chini. Roue ilikuwa imekwama, nikaanza kuita batu. Sauti ikasema: munyamaze, bale bamefika, biko mu eucalyptus, muzime simu. Nilikuwa na simu mukononi, nataka kupigia ndugu yangu. Ikasema tena: Mwalimu, zima simu. Nikazima.”

“Hao batu, uliwaona?”

“Ukungu ulikuwa umeshuka. Hata miguu yangu sikuiona.”

“Ulisikia sufuria?”

Élysée alimtazama. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa ule wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

“Hapana,” alisema.

“Hata moja?”

“Hata moja. Mungu wangu. Sikufikiria sufuria. Mutu akikuambia bamefika, unafikiria shingo yako.”

“Sauti ilikuita Mwalimu. Pale uwanjani nani alijua wewe ni mwalimu?”

“Abdias. Yeye njo alinipandisha. Aliniambia, Mwalimu, panda bure, ukipenda utaleta darasa muzima.” Alijikunja, viwiko juu ya magoti. “Mama OPJ, kuko kitu kingine. Nilimusikia mutoto anakohoa kule juu. Mara moja, mara ya pili. Kisha kikohozi kikakatika, kama mutu amefunga robinet ya maji. Na mie nikamushukuru Mungu.”

Kaswera aliandika alichohitaji, akamwambia avae shati safi na aje kituoni.

* * *

Matanga yalikuwa nyuma ya kanisa dogo, chini ya shitingi, turubai la plastiki. Wanawake waliketi kwenye mikeka. Mama wa marehemu, Jokébed, alikuwa katikati yao; mkono wake wa kulia alikuwa ameuzungushia kikwembe chake cha kitenge na kuukandamiza tumboni, kama mtu aliyeungua.

Kaswera aliwaomba wengine wasogee. Walisogea kwa kinyongo, kwa sababu polisi kwenye matanga ni mkosi.

“Mama Jemima, pole. Nitauliza kitu moja, kisha nitakuacha. Kikohozi ya mutoto ilikatika namna gani?”

Jokébed hakumtazama. Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa akingoja swali.

“Sie ni batu ba Mangina, kule upande wa Beni. Bale balipoingia, tulijificha mu shamba ya kakao. Jemima alikuwa angali mutoto wa mugongo. Akaanza kukohoa. Nikamufunga kinywa na hii mukono. Bakapita karibu, mie naona miguu yao mu bottes hapa, karibu kama ule mukeka. Hakukohoa. Bakaenda. Tukapona, na bajirani bote tulikuwa nabo bakapona.”

“Na jana?”

“Jana balisema tunyamaze, bamefika. Kikohozi ikamushika. Nikafanya vilevile. Alinisukuma. Nilizani ni woga.” Aliukandamiza mkono zaidi. “Nilipoona haogopi tena, nikatoa mukono. Nikashika mukono yake. Ilikuwa baridi.”

Upande wa pili wa shitingi mtu alianzisha wimbo wa kanisa, wengine wakaitikia chini chini.

“Umesha kumwambia mutu?”

“Dada yangu. Akaniambia, usijilaumu, uliokoa mwalimu, uliokoa na batu ba chini. Bale bangesikia, bangemaliza bote.” Kwa mara ya kwanza aliinua macho. “Njo neno ninashikilia, Mama. Kama si ile, ningekuwa nimesha jinyonga.”

Kaswera alimgusa bega, akaondoka. Nje alisimama kando ya pikipiki muda mrefu kiasi kwamba dereva alimuuliza kama amesahau njia.

* * *

Abdias alikuwa ofisini kwa Kahongya, ndani ya koti la kijivu, akinywa chai ya kituo. Dereva wa lori, nje, alikuwa kwenye kikombe chake cha tatu.

“Bwana Abdias,” Kaswera alisema, akavuta kiti, “pole na mashaka. Nataka kuandika mambo vizuri. Jana jioni ulikuwa ku église.”

“Ku église. Uliza hata pasta.”

“Nitamuuliza. Lakini batu ba Vulamba banasema jana sufuria zililia sana. Ku église mulizisikia?”

“Tulizisikia. Hata chorale ilisimama. Nikasema, Bwana, batu yangu biko kule, sasa nitafanya je? Mais mutu hawezi kutoka sufuria zikilia.”

Kahongya aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake.

“Sufuria gani?”

“Za jana, mon commandant.”

“Vulamba jana hakuna alerte. Doria ni yangu. Sufuria ikilia Vulamba, simu inalia mu sikio yangu. Nililala.”

Kaswera alitoa kwenye mfuko wake mkanda mkuukuu, wenye tope, akauweka mezani pamoja na ule mpya. “Hii njo kuruwa ulisema Amisi alikimbia nayo. Nimeikuta chini ya mashine yako. Hii ya pili aliinunua kwa Lukman, akakuletea, ukamufukuza. Na kisha kuko mwalimu atakuja hapa sasa hivi. Aliambiwa: Mwalimu, zima simu.”

Abdias aliweka kikombe chini. Kilitoa mlio kwenye kisahani.

“Sikugusa mutu,” alisema.

“Sijasema uligusa.”

“Roue ilishakwama mwezi ulipita. Chef wa avenue alisema mbele ya batu bote, ikikwama tena tunaichoma. Nilitaka muda kidogo tu. Amisi alete kuruwa, tuifunge, bashuke, kila mutu aende kwake. Yule mwalimu akaanza kuita. Ningefanya nini?”

“Ungeita mama wa mandazi. Iko na ngazi.”

“Amisi alichelewa. Aliporudi, barabara ilikuwa na batu. Ningewasha grupu ya umeme, bangekuja kuangalia. Nikasema tungoje barabara itulie.” Alijifuta midomo. “Nilisema neno moja tu. Neno si kisu.”

“Kwa batu ba Beni na Mangina unajua ile neno ni nini.”

“Najua. Njo maana niliitumia,” Abdias alisema, na labda ndilo lilikuwa jambo la kwanza la kweli kutoka kinywani mwake siku hiyo. Kisha aliinama mbele, akashusha sauti kama mtu anayetoa ushauri kwa dada yake. “Sasa sikia, Kaswera. Ile hadisi ya mukono, batu ba kilio bananong'ona, nimesha isikia. Yule mama leo anajua aliokoa batu. Ukiandika ile unataka kuandika, kesho atajua alimuua mutoto wake bure, hakukuwa hata adui mumoja. Wewe ni mama. Utamufanyia vile? Muache Amisi aende Beni. Iko kijana, atatoka siku moja. Mie nitasimamia matanga, nitamujengea mutoto kaburi ya ciment. Kila mutu atapata kitu.”

Kaswera alimgeukia mkubwa wake. Kahongya alikuwa akichezea kifuniko cha kalamu.

“Ni mutu mubaya,” Kahongya alisema polepole. “Mais pale hajasema uongo.”

Huko nje honi ya lori ililia mara mbili. Dereva alikuwa amemaliza chai.

Kaswera alichukua ufunguo wa kasho ukutani. Alikwenda, akafungua.

“Amisi, toka.”

“Niende wapi, Mama? Wale biko ku mulango.”

“Ukae nyuma ya meza yangu, chini. Usikaribie dirisha.”

Alirudi, akamshika Abdias kwa mkono wa koti na kumsimamisha. Alikuwa mzito lakini hakupinga. Watu wa namna yake huamini mpaka dakika ya mwisho kwamba kuna mtu atakayesema basi, inatosha. Hakuna aliyesema. Kaswera alimwingiza kasho, akafunga, akampa Kahongya ufunguo mkononi.

“Huu ni wako, Kamanda. Ukimufungulia, mufungulie wewe mwenyewe, mbele ya batu. Na mwambie dereva ya lori aende, hakuna muzigo.”

“Na wewe uko unaenda wapi?”

“Kwa mama wa mutoto, kabla hajasikia kwa wengine.”

Alipita katikati ya watu wenye mawe bila kusimama. Mmoja alimuuliza kama Amisi ameshapandishwa lorini. Alimwambia atoe tairi lake barabarani, pikipiki zinapita. Dereva alimpeleka mpaka nyuma ya kanisa dogo, na safari hii Kaswera hakusimama nje.

Wanawake walikuwa bado wanaimba. Alivua viatu, akakanyaga mikeka, akaketi mbele ya Jokébed, goti kwa goti. Aliuvuta ule mkono wa kulia kutoka ndani ya kikwembe, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Jokébed alitaka kuurudisha, Kaswera hakuuachia.

“Mama Jemima,” alisema, “jana, chini ya Roue, hakukuwa adui. Alikuwa Abdias, peke yake. Mashine yake ilikufa, hakutaka batu bajue, akawadanganya.”

Wimbo ulikatika, sauti moja baada ya nyingine.

“Hakukuwa mutu?” Jokébed aliuliza.

“Hakukuwa mutu.”